KUIENDESHA KOMPYUTA ILIYO MBALI

Je, fundi aliyeko Dodoma aweza kuirekebisha kompyuta ya shule iliyoko Kigoma bila ya kupanda gari moshi? Aweza, mradi kompyuta hiyo iwe inawaka na iwe imeungwa kwenye mtandao.

Chombo kimojawapo cha kazi hiyo ni programu iitwayo VNC. Ilibuniwa katika maabara ya kampuni ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, na mwaka 1998 ikatolewa kuwa programu huria. Yaani, kila mtu aliruhusiwa kuitumia, kuyasoma maagizo yake yote, kuyageuza na kuyagawa. Kutokana na ruhusa hiyo zilizaliwa programu nyingine za bure, kama vile TightVNC na TigerVNC.

Kanuni yake ni nyepesi. Picha ya kompyuta ni mkusanyiko wa nukta za rangi. Tuchukue kioo chenye nukta 1,024 kwa upana na 768 kwa kimo: jumla ni nukta 786,432. Ikiwa kila nukta yahitaji baiti 3, picha nzima ni baiti 2,359,296. Baiti moja ni biti 8. Basi njia ipitishayo biti 1,000,000 kwa sekunde itaisafirisha picha hiyo kwa sekunde 19 hivi. Nani angeweza kufanya kazi kwa mwendo huo wa kinyonga?

Ndiyo maana VNC haipeleki picha nzima kila mara, bali vile vipande vya mstatili vilivyobadilika tu. Fundi akiandika neno moja, huenda kipande cha nukta 100 kwa 20 ndicho kilichobadilika. Hicho ni baiti 6,000, nazo hupita kwa muda usiofika hata sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Kutoka kwa fundi husafiri habari za vitufe alivyobonyeza na mahali kilipo kielekezi chake. Kazi yenyewe hufanyika Kigoma. Dodoma ni macho na vidole tu.

Lakini mlango umwingizao fundi waweza kumwingiza mwizi pia. VNC ya awali ilitumia neno la siri lisilozidi herufi 8, na baada ya hapo picha na herufi zote zilisafiri wazi. Mwalimu aliyefungua alama za mtihani kwa njia hiyo aliweza kusomwa na yeyote aliyeutega mtandao. Dawa yake ni SSH, iliyobuniwa na Tatu Ylönen wa Finland mwaka 1995, baada ya maneno ya siri kuibwa katika mtandao wa chuo chake. OpenSSH, ambayo ni huria, ilifuata mwaka 1999. VNC ikipitishwa ndani ya SSH, habari zote husafiri katika mafumbo, kama barua iliyo ndani ya bahasha yenye lakiri.

Hata hivyo, hakuna fumbo limlindalo mtu ampaye mgeni ufunguo. Anayekupigia simu usiyemjua, akikutaka umruhusu aingie katika kompyuta yako, mkatalie.

Zoezi: Picha nzima ya kioo chenye nukta 1,920 kwa 1,080 itachukua sekunde ngapi kupita katika njia ile ile?