Gunia Moja la Mpunga Lilitufikisha Bagamoyo

Akina mama wenzangu, wengi wetu tunaoishi Ifakara na bonde zima la Kilombero tukisafiri huwa ni kwa sababu ya msiba, harusi au mgonjwa. Kusafiri kwa ajili ya kuona tu tumewaachia wazungu na watoto wa shule. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka Jumapili moja baada ya ibada mwenzetu alipouliza kwa nini mtoto wake wa darasa la sita anaijua Bagamoyo kuliko yeye. Tulicheka, lakini swali lile halikututoka.

Tulikuwa saba, Wakatoliki wanne na Walutheri watatu. Tulikubaliana kwamba wakati wa mavuno kila mmoja atenge gunia moja la mpunga, liwe lake na lisiguswe. Mwezi wa Juni na Julai bonde zima linauza, na bei inakuwa chini. Anayeweza kungoja miezi michache hupata zaidi kwa gunia lile lile. Basi tukayahifadhi kwa mwenzetu mwenye stoo isiyovuja, tukauza mwanzoni mwa Oktoba, mashamba yakiwa yamepumzika na mvua hazijaanza.

Sitaficha kwamba nyumbani kulikuwa na maneno. Mume wangu aliniuliza, "Bagamoyo una ndugu gani?" Mwenzetu mmoja aliambiwa waziwazi kwamba gunia lile ni la sare na madaftari ya watoto. Hakugombana. Jioni alikaa na mumewe akamhesabia: magunia ya chakula haya, ya watoto haya, ya mbegu na kulimia haya, na gunia lake likawa la mwisho katika hesabu. Mzee alinyamaza siku mbili, kisha akasema, "Haya nenda, lakini uniletee samaki." Nadhani kama mama yule angelificha gunia lake na kuaga asubuhi ya safari, mambo yangekuwa mengine.

Njiani

Basi la alfajiri lilitupitisha Kidatu penye mashamba ya miwa hadi Mikumi. Kutoka hapo barabara kuu inakata hifadhi ya wanyama kwa kilometa 50 hivi, na abiria wa basi huona bure kile ambacho wengine wamelipia. Tuliona twiga, swala wengi na tembo wawili. Waliokuwa wamesinzia waliamshwa kwa kelele zetu.

Hatukufika Dar es Salaam, na hapo ndipo tulipookoa fedha na nguvu. Tuliteremka Chalinze, tukapanda gari la Msata, na kutoka Msata ipo barabara ya lami ya kilometa 64 hadi Bagamoyo. Anayepitia Dar es Salaam atahangaika na mizigo kwenye daladala, na akichelewa atalipia kulala huko.

Chakula cha njiani tulibeba wenyewe: chapati, mayai ya kuchemsha na maji. Kila mmoja alibeba pia kilo mbili za mchele wa nyumbani. Katika nyumba ya wageni tuliyopata, ya kawaida lakini safi, tulimwomba mama mwenye nyumba atuazime jiko. Samaki tulinunua ufukweni, wali ukapikwa, na harufu ya mchele wetu ikamleta mwenyewe jikoni na sahani. Tangu hapo tulikuwa ndugu. Vyumba tulilala wawili wawili, na mmoja aliyebaki akatandikiwa godoro.

Neno moja kwa watakaotufuata: chukua kitambulisho cha taifa, kwa kuwa raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni kwenye maeneo ya mambo ya kale. Tena elewana na mwongozaji juu ya malipo kabla ya kuanza kutembea. Siku ya kwanza hatukufanya hivyo, na kijana mmoja akatudai fedha iliyotutoa jasho.

Aliyewapikia njia nzima

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo kutoka Zanzibar mwaka 1868. Walinunua watumwa, wengi wao watoto, wakawalea na kuwafundisha kazi. Walipokua wakaoana, wakapewa mahali pa kujenga na kulima. Katika jumba la makumbusho la misheni tuliona minyororo. Mama mmoja alitaka kuishika, akarudisha mkono. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini sheria ya kukomesha kabisa utumwa Tanganyika ilitoka mwaka 1922. Bibi yangu mzaa mama alikuwa amekwisha zaliwa! Na mimi nilidhani ni mambo ya kale sana.

Lipo pango la Bikira Maria lililojengwa na waliokombolewa kwa shukrani. Wakatoliki wetu walisali rozari pale, ukiwa ni mwezi wake, na Walutheri wakawangoja kivulini bila kunung'unika.

Kisha tukafika kwenye mnara wa kanisa la zamani. David Livingstone alifariki Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, mwezi wa Mei 1873. Moyo wake ulizikwa huko chini ya mti, mwili ukakaushwa, ukabebwa kwa miguu hadi pwani, na mwezi wa Februari 1874 ukalazwa katika kanisa hilo kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Mwongozaji alituambia habari za Chuma na Susi, kama wanavyotajwa vitabuni. Mwenzetu mmoja, ambaye hakuna msiba Ifakara asiouchotea maji, akauliza, "Na nani aliyewapikia njia nzima?"

Mwongozaji alicheka. Lakini jibu lipo. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke aitwaye Halima, mpishi wa Livingstone, naye alikwenda na msafara ule mpaka Zanzibar. Horace Waller, aliyehariri kumbukumbu za Livingstone zilizochapishwa mwaka 1874, aliona uchungu kwamba utumishi wa mama yule ulipita bila malipo. Miezi tisa hivi ya kukoka moto kila jioni! Tulikaa pale kitambo, kila mmoja na mawazo yake.

Mengine tuliyaona haraka: Boma la Wajerumani la mwaka 1897, na magofu ya Kaole, mwendo wa bajaji, yenye msikiti na makaburi ya karne nyingi kabla ya misheni. Jioni ya mwisho tuliingia baharini na kanga zetu. Watano hawakuwa wameiona bahari maishani, na mmoja aliyaonja maji ili ahakikishe kama kweli yana chumvi.

Siku ya nne tulirudi na samaki wakavu wa yule mzee. Baada ya hesabu kila mmoja alibakiwa na fedha ya kununua sukari na sabuni. Mama mkwe wangu, aliyebaki na wajukuu, alisikiliza habari ya Halima mpaka mwisho bila kusema neno. Kesho yake alikwenda stoo kuuliza kama nafasi ya gunia lake itapatikana mavuno yajayo.