Kufundisha Namna ya Kuamsha Kompyuta kwa Mtandao

Wanachuo tuwapelekao Buzwagi, ambako mgodi wa dhahabu ulisitisha uzalishaji mwaka 2021, hudhani kompyuta iliyozimwa haisikii kitu. Dhana hiyo iondolewe kwanza. Ikiruhusiwa katika mipangilio ya mashine na ya mfumo endeshi, kadi ya mtandao hubakiziwa umeme kidogo, ikasikiliza.

Ujumbe wa kuamsha una baiti 102: sita za mwanzo, zote 255, hubisha hodi; kisha anwani ya kadi, yenye baiti sita, hurudiwa mara 16. Mwalimu na aite jina moja mara 16 darasani. Atainuka mwenye jina tu. Halafu azime swichi ya ukutani, apeleke ujumbe tena. Kimya! Na umeme ukikatika usiku, mashine nyingine hazitaamka hadi ziwashwe kwa mkono.