Bamvua la mita nne na badiliko la milimita chache

Kina mama wa mwani wa Makunduchi wanajua kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu linakuja bamvua, maji yanakupwa mbali, na hapo ndipo kazi inafanyika. Maji mafu, unabaki nyumbani. Hilo halihitaji shahada. Sasa chuo kikuu kinaongeza nini?

Utafiti wa bahari hapa Unguja si wa jana. Mapema miaka ya 1950 palishakuwa na shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa uvuvi wa baharini. Jumuiya ikavunjika 1977, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari, Mizingani, Mjini. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatua kubwa: fizikia ya bahari huwezi kuifundisha vizuri ukiwa Mlimani tu!

Hatua ya pili haina sherehe hata kidogo. Tangu 1984 bandari ya Unguja ina rekodi ya kipimo cha maji. Hebu fikiria ugumu wake. Jua na mwezi vikivuta kwenye mstari mmoja, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Usawa wa bahari wenyewe hubadilika milimita chache tu kwa mwaka. Utaionaje milimita ndani ya mita? Unasoma kila saa, miaka na miaka, kisha unatafuta wastani: kujaa na kupwa vinafutana, kinachobaki ndicho usawa halisi. Tena njia ya mwezi ina mzunguko wake wa miaka 18.6, kwa hiyo rekodi fupi inadanganya. Miaka ya mwanzo hapa ilionyesha bahari ikishuka kidogo! Aliyeishia hapo angesema hakuna tatizo.

Joto nalo lina bei. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza 1989, Paje na Jambiani. Kotonii inalipa kuliko spinosamu, lakini maji ya kina kifupi yakipata moto, inakufa. Dkt. Flower Msuya, akiwa katika taasisi hiyohiyo, alijaribu na wakulima nyavu za mirija kwenye kina kirefu, ambako maji ni baridi zaidi. Kisayansi inaeleweka. Ila kule unahitaji chombo, na kujua kuogelea, na wengi wa wakulima hawa hawakufundishwa.