Chembe sahani na kipokezi cha Mpl: dawa inagonga mlango gani?



Tumezoea kusema fulani "hana damu" tukimaanisha chembe nyekundu zimepungua. Lakini yupo mtu ambaye damu anayo, ila chembe sahani, yaani zile za kuziba panapochubuka, zimemwishia. Akipiga mswaki fizi zinavuja, akijigonga kidogo anavilia. Kawaida tunakuwa na chembe sahani 150,000 hadi 450,000 katika kila maikrolita ya damu. Katika ugonjwa uitwao ITP, kinga ya mtu mwenyewe inaziharibu, na wengine hushuka chini ya 30,000.

Sasa, mwili unajuaje kwamba zimepungua? Ini hutoa homoni ya thrombopoietini. Homoni hii hunasa kwenye kipokezi cha Mpl, kilichopo juu ya seli mama za uboho na pia juu ya chembe sahani zenyewe. Chembe zikiwa nyingi huinyonya homoni, uboho unapata kidogo. Zikipungua, homoni inabaki nyingi na uboho unaongeza kazi. Ni kama boya la tangi la maji. Tatizo la ITP ni kwamba chembe hufa zikiwa zimeshanyonya homoni yake, kwa hiyo boya linadanganya: uboho hauamshwi vya kutosha.

Kipokezi chenyewe kilianza kujulikana Ufaransa mwaka 1990, kupitia kirusi cha panya. Homoni yake ikapatikana 1994. Watu wakaona basi, tuitengeneze tuwachome wagonjwa. Dawa moja ya namna hiyo ilifanana mno na homoni ya asili. Baadhi ya watu wazima wa afya waliojitolea kuijaribu, miili yao ilitengeneza kingamwili dhidi ya dawa na dhidi ya homoni yao wenyewe, chembe zikashuka. Majaribio yakasimamishwa 1998.

Fundisho likawa hili: fungua mlango uleule kwa ufunguo usiofanana na wa asili. Mwaka 2008 Marekani ikaidhinisha dawa mbili. Romiplostim, sindano ya kila wiki, hukaa pale pale inapokaa homoni, ila muundo wake ni mwingine. Eltrombopag, kidonge, hushika sehemu nyingine ya kipokezi hicho, ile iliyopita ndani ya utando wa seli.

Na hapa wenye wagonjwa nyumbani wasikilize. Eltrombopag hunaswa na kalsiamu na chuma. Mtu anaimeza asubuhi na chai ya maziwa, mwezi unapita, anaambiwa dawa imemkataa, kumbe haikuingia mwilini! Imezwe saa 2 kabla, au saa 4 baada ya maziwa, vidonge vya chuma au dawa za kiungulia. Ini lipimwe mara kwa mara, na mtu asiache ghafla bila daktari, maana chembe zinaweza kuporomoka. Dawa hizi zinahimiza uboho, hazizuii kinga kuharibu chembe.

Wenye ujuzi zaidi wasahihishe na kuongeza.