Apokatastasi

Apokatastasi (kutoka neno la Kigiriki ἀποκατάστασις, yaani "kurudishwa katika hali ya awali") ni fundisho la teolojia ya Kikristo linalosema kwamba hatimaye watu wote, na kwa baadhi ya watetezi wake hata mashetani, watarudi kwa Mungu na kuokolewa.

Neno hilo linapatikana katika Matendo ya Mitume 3:21. Origenes wa Aleksandria (karne ya 3) aliona adhabu ya Mungu kuwa kama dawa: inauma, lakini lengo lake ni kuponya. Gregori wa Nisa (karne ya 4) alifundisha vilevile, na bado anaheshimiwa kama mtakatifu.

Mwaka 543 Kaisari Justiniani I alilaani fundisho hilo, na Mtaguso wa pili wa Konstantinopoli (553) ulimlaani Origenes kwa jina.

Wapinzani husema kwamba, ikiwa ni lazima wote waokoke, mwanadamu hana hiari ya kweli ya kumkataa Mungu. Watetezi hujibu kwamba upendo wa Mungu haushindwi na uovu wa kiumbe.

Katika karne ya 20 Hans Urs von Balthasar, mwanateolojia Mkatoliki wa Uswisi, alitofautisha kujua na kutumaini: hakuna ajuaye kwamba wote wataokoka, lakini Mkristo anapaswa kuwatumainia wote.