Kinubi cha Ireland: Shaba au Nailoni

Anayetaka kujifunza kinubi nchini Ireland hukutana mapema na swali zito: atapiga nyuzi za shaba au za nailoni? Jibu lake huamua kama atafuga kucha au atazikata, ataegemeza ala kwenye bega lipi, na atakaa mbele ya mwalimu gani. Wapiga vinubi wa nchi hiyo huchagua ala na nasaba kwa pamoja.

Shaba ndiyo njia ya kale. Julai 1792, wapiga vinubi kumi wa Ireland na mmoja wa Wales walikutana mjini Belfast, wengi wao wakiwa wazee na vipofu. Mkubwa wao, Denis Hempson, alihesabiwa kuwa na miaka 97, na ndiye pekee aliyekuwa bado akizikwanyua nyuzi za shaba kwa kucha ndefu. Ndui ilimpofusha akiwa na miaka mitatu. Alipofika 12 akaanza kufundishwa na mwanamke, Bridget O'Cahan. Hakusoma nota. Alisikia, akagusa, akarudia. Kijana wa miaka 19, Edward Bunting, mpiga kinanda, alikuwa ameajiriwa kuyaandika waliyopiga wazee hao, na vitabu alivyochapisha baadaye, cha kwanza mwaka 1796, vimeokoa nyimbo nyingi ambazo zingezikwa pamoja nao.

Upofu ulikuwa na nafasi yake katika desturi hiyo, kwa kuwa kinubi kilikuwa kazi ya kumlisha mtu asiyeweza kulima. Turlough O'Carolan, mtunzi anayependwa kuliko wote, alipofushwa na ndui akiwa na miaka 18. Bibi MacDermott Roe, mwenye nyumba ambako baba wa O'Carolan alifanya kazi, alimlipia mafunzo ya miaka mitatu, kisha akampa farasi, mtu wa kumwongoza na fedha kidogo za safari. Kuanzia hapo alizunguka kutoka nyumba hadi nyumba akitunga nyimbo kwa heshima ya wenyeji wake hadi alipofariki mwaka 1738.

Wenyeji wa namna hiyo walipofifia, ufundi nao ulidhoofika. Shule ya watoto vipofu iliyofunguliwa Belfast mwaka 1808 haikudumu, na kabla karne ya 19 haijaisha, mnyororo wa mwalimu na mwanafunzi katika njia ya shaba ulikuwa umekatika.

Kilichobaki kilipita mikononi mwa wanawake. Mnamo 1819 fundi John Egan wa Dublin alianza kuunda vinubi vidogo vyenye nyuzi za utumbo wa mnyama, na vinubi vingi vinavyopigwa Ireland leo vimetokana na umbo hilo, mara nyingi nailoni ikichukua nafasi ya utumbo. Katika karne ya 20 masista wa Kikatoliki walivifundisha kwa wasichana kwenye shule zao. Mary O'Hara, ambaye sauti yake ilivuka mipaka ya Ireland, alijifunza katika shule ya aina hiyo, Sion Hill ya Dublin. Wanaosimulia historia hii hukimbilia vipofu wa Belfast na kuwapita masista hao haraka, na si haki: bila wao, chama cha marafiki wa kinubi, Cairde na Cruite, kilichoanzishwa mwaka 1960 kingekosa walimu na wanafunzi.

Kinubi cha kawaida cha leo kina nyuzi 34. Nyuzi za C ni nyekundu na za F ni nyeusi au buluu, ili jicho lisipotee, na juu ya kila uzi kuna kishikizo kidogo cha kupandisha sauti kwa nusu toni. Mazoezi huanza kwa kulinganisha nyuzi hizo zote, kazi inayomchosha sana mwanafunzi mpya. Kidole kidogo hakitumiki. Katika masomo ya nyimbo za asili, mwalimu hupiga kipande kifupi, mwanafunzi hukirudisha, na karatasi husubiri. Zamani kinubi hiki kilihesabiwa kuwa cha kusindikizia waimbaji. Máire Ní Chathasaigh wa Cork ndiye aliyebuni, katika miaka ya 1970, namna ya kukipigia muziki wa dansi wa kasi pamoja na mapambo yake yote, na vijana wengi wanamfuata.

Upande wa shaba nao umefufuka. Tangu mwaka 2003 wanafunzi hukusanyika Kilkenny wakati wa majira ya joto, kwenye shule iliyoanzishwa na Siobhán Armstrong na wenzake. Huko ala huegemezwa bega la kushoto kama zamani. Uzi wa shaba huvuma muda mrefu, hivyo kazi ngumu ni kunyamazisha: kidole kimoja kinapiga, kingine kinauzima uzi uliotangulia, la sivyo wimbo unageuka ukungu.

Kwa sababu kinubi ni ghali, wanaoanza hushauriwa kukodi kwanza. Anayenunua huenda na mpigaji mzoefu. Mnunuzi hukaa akijaribu kama mikono inafika nyuzi nene bila kuinama, kisha humwachia mwenzake apige huku akisikiliza kutoka mbele, maana anayepiga hasikii anachosikia hadhira. Kila kishikizo hujaribiwa kimoja kimoja. Shingo hukaguliwa kwa makini kama imepinda. Ubao wa sauti kuvimba kidogo si kosa, kwani nyuzi huuvuta mchana na usiku. Wanaotaka ala ya fundi fulani huagiza na kungoja zamu yao, na wengi huendelea kupiga kinubi cha kukodi mpaka siku ile ifike.