Tausi aliyejulikana kijijini kabla ya makumbusho

Wakaaji wengi wa Goma wanamjua tausi wa Kongo kwa picha tu, wala si ajabu. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, naye hapendi baridi ya huku juu. Anayemtaka apite Sake na Masisi, kisha ateremke hadi misitu mizito ya Walikale. Hata huko asitegemee kumwona kirahisi.

Dume hafiki hata sentimita 75. Ana manyoya ya bluu iliyokolea, yenye kumetameta kijani na zambarau, shingo nyekundu isiyo na manyoya, na kishungi cheupe kilichosimama wima utosini. Ule mkia mrefu wa tausi wa India hana. Jike ni wa kahawia, mgongo wa kijani. Akitulia kwenye majani makavu unaweza kumpita hatua mbili usimtambue. Hutembea wawili wawili, dume na jike wake, wakiokota matunda yaliyoanguka na wadudu. Usiku hupanda mtini kulala, na hapo ndipo huitana kwa sauti kubwa, huyu akianza na yule akimjibu.

Mwaka 1913 huko Avakubi, katika msitu wa Ituri, Mmarekani James Chapin aliona kwenye kofia ya mwenyeji unyoya wa bawa, wa kahawia wenye mistari myeusi. Haukulingana na ndege yeyote aliyemjua, akauhifadhi. Ilipita miaka zaidi ya 20 ndipo alipokuta, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, ndege wawili waliokaushwa, kibandiko kikidai ni tausi wa India wachanga. Unyoya wake ulikuwa wa jike wa aina ile ile. Mwaka 1936 akamtangaza kwa jina la Afropavo congensis, na wataalamu wakashangaa: jamaa zake wa karibu wote wako Asia. Mwenye kofia, nadhani, asingeshangaa.

Ndiyo maana John Hart na Agenonga Upoki, waliochapisha mwaka 1997 uchunguzi wao kuhusu ndege huyu mashariki mwa nchi yetu, walitegemea sana maelezo ya wanavijiji. Ndege wa namna hii huwezi kumhesabu kwa darubini peke yake.

Sheria inamlinda, lakini watu wa kambi za migodi wanahitaji kula, na nyama ya pori hutafutwa kwa vitanzi vya waya au nailoni. Kitanzi hutegwa chini, njiani mwa swala wadogo, na tausi naye hupita njia hiyo hiyo kwa miguu mchana kutwa. Walinzi wa ICCN, taasisi ya taifa ya hifadhi, wanapong'oa mitego katika mbuga ya Maiko au upande wa chini wa mbuga ya Kahuzi-Biega, wanamwokoa hata bila kumwona.